Doa la Pinki kwenye Viti vya Boti

Jumatatu, 3 Februari 2025

Pinki! Viti vyangu vimegeuka pinki!

Mzee Bartholomew amenitumia picha saa mbili asubuhi, hata chai sijaimeza. Picha tisa. Ni vile viti kumi na viwili vya boti yake ya kutembeza wageni kule bwawa la Masinga. Nilivishona Novemba, mimi na Mwanzia, mkataji wangu, kwa reksini nyeupe pe, ile ngozi ya plastiki. Wiki mbili hatukupumzika hata Jumapili, na mimi ni mtu wa kanisa. Sasa vina madoa. Si matope, si vumbi. Pinki kama maji yaliyooshewa nyama.

Kisha akapiga simu. Salamu hakuna. Jumamosi alikuwa na wageni wa harusi kutoka Ekalakala. Mama mmoja akatazama kiti, akatazama nguo yake, akakataa kukaa. Akasema hiyo ni damu. Wenzake nao wakasimama. Bibi harusi mwenyewe akateremka, picha zikapigwa nchi kavu.

Halafu lile neno. Anauliza—tena kwa upole, na upole wake ndio ulinichoma zaidi—ati sponji nilitoa wapi, kwa sababu watu wanasema ni magodoro ya hospitali.

Mimi! Kamanthe! Miaka kumi na tisa nashona viti hapa Machakos mjini. Viti vya mabasi, viti vya kinyozi, benchi za kanisa, hadi kiti cha daktari wa meno. Hakuna mtu amewahi kuniuliza sponji nimetoa wapi. Nilinunua mpya, iko ndani ya nailoni yake, haijaguswa na mkono wa mtu!

Na kuna lingine. Kabla ya Pasaka analeta boti kubwa, viti arobaini. Kazi alikuwa ameniahidi mimi. Leo anasema "tutaona". Naijua hiyo tutaona.

Jumanne, 4 Februari 2025

Nimemwonyesha Mwanzia picha. Miaka kumi na moja tuko naye kwa hii karakana, anakuja na baiskeli kutoka Kalama kila asubuhi. Yeye hukata na kupiga stepla, mimi hushona. Alitazama picha zote tisa pole pole, akarudi kwa ya kwanza. Kimya. Nikamuuliza, wewe huna maoni? Akasema ni vizuri twende tuone kwa macho, simu hudanganya rangi.

Huyu mtu hana haraka! Jina langu linaburutwa Ekalakala nzima, yeye anazungumzia rangi ya simu. Nimemwambia abaki amalize makochi ya watu. Nitaenda peke yangu.

Alhamisi, 6 Februari 2025

Nimetoka Masinga. Mgongo unauma na nimekasirika mpaka masikio yanalia.

Ni kweli. Ni pinki.

Mwenye kutunza ile boti ni jamaa anaitwa Ndambuki, mwili mkubwa, sauti ndogo. Amefika akafungua turubai ili nione—na mvuke ukanipiga uso kama nimefunua sufuria ya isyo ya mahindi na maharagwe! Nikamuuliza hii boti unaifunika lini. Ati jioni, akishaosha viti. Vikiwa vimekauka? Ati la, vibichi hivyo hivyo. Anaosha, anafunika, anafunga kamba, anaenda kwake. Jua la Masinga linapika ile turubai siku nzima, maji yako chini yake. Nikamwambia hata sufuria mtu akiosha huiinamisha ikauke! Akasema pole mama.

Sikumaliza. Anaosha na nini? Blichi! Blichi na brashi ya kusugua sakafu! Reksini yangu imepoteza ngozi, ukipitisha kidole inakwaruza. Pale nyuma kwa injini amelaza zulia la raba juu ya kiti, na chini ya zulia pamekuwa manjano, umbo la zulia lenyewe. Kiti cha mbele kina alama za viganja, rangi ya chai—hayo ni mafuta ya jua ambayo wageni hujipaka. Kingine kina bluu ya leso mpya, mama fulani alikaa nayo ikiwa mbichi.

Kila doa nilijua mzazi wake, isipokuwa hii pinki. Hii pinki sijui imetoka wapi. Iko katikati ya kiti, iko kando ya mshono, iko hata nyuma ya egemeo mahali ambapo hakuna mgongo wala mkono unafika. Nimesugua na sabuni. Nimesugua na siki niliyobeba kwa mkoba. Haitoki hata chembe.

Nikamwambia Ndambuki blichi yake ndiyo imeharibu. Akasema, kwa ile sauti ndogo, kwamba blichi alinunua kwa sababu ya pinki. Pinki ilikuja kwanza.

Hilo nalo limenikasirisha.

Bartholomew alikuwa amesimama pale na miwani yake. Amesema atanitumia viti viwili nivichunguze. Halafu akaongeza kwamba yeye hana shida na mimi, lakini watu wakishaita kitu damu, hukitoi kwa mdomo wao.

Ijumaa, 7 Februari 2025

Nimepata! Nimempata!

Asubuhi nimeingia stoo kabla Mwanzia hajafika. Ile reksini nzuri ya boti, niliyoagiza Nairobi, ilifaa kubaki mita moja. Mimi ndiye nilipiga hesabu ya kitambaa, najua. Nimefungua robota: mita nne na kitu! Na chini ya meza ya Mwanzia ya kukatia kuna robota ya ile nyeupe rahisi ya stuli za kinyozi, imebaki kidogo sana.

Basi ni wazi. Amekata viti vya boti na ile rahisi, nzuri akaificha auze baadaye. Ndiyo maana alikuwa kimya kwa picha! Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Alipofika sikungoja hata aegeshe baiskeli. Nilimsimamisha pale mlangoni, mafundi wa viatu wanaona, mama wa ndizi anaona, na nikamwambia yote. Mwizi. Nimekulisha miaka kumi na moja. Umeniuza kwa mita tatu za plastiki.

Hakupandisha sauti, akaniita kwa jina la mwanangu kama siku zote. Alisema, "Mama Kavutha, mimi sijabadilisha kitu. Hiyo ilibaki kwa sababu nilipanga vipande vizuri."

Vipande vizuri! Nkt! Nikamwambia achukue mkasi wake aende. Akachukua mkasi, akafuta na kitambaa, akaweka kwa mfuko wa shati. Koleo ya stepla akaniachia mezani, ati hiyo ni ya karakana. Kana kwamba mimi ndiye nitamshukuru.

Jumamosi, 8 Februari 2025

Nimewaambia wote. Wauza reksini, wauza sponji, mafundi wote kutoka stendi mpaka barabara ya kwenda mji wa Wote. Mwanzia wa Kalama asipewe kazi na mtu. Nimempigia pia Bartholomew. Amesema, "Sasa hapo umefanya kazi." Sauti yake imerudi ya kawaida.

Nimelala mchana kidogo. Mara ya kwanza wiki hii.

Jumatano, 12 Februari 2025

Nimekutana na Nzilani sokoni, mke wa Mwanzia. Anauza ndengu na mbaazi za shambani. Nilidhani atanitukana, nilikuwa nimejiandaa, majibu nilikuwa nayo mdomoni. Akanisalimia! "Wakya, mwaitu." Kuniita mama! Nikaitikia. Akafunga ndengu za mteja, akaendelea na kazi yake.

Afadhali angetukana. Mtu akikusalimia vizuri baada ya mume wake kukuibia, anakutakia nini?

Makochi yamerundikana. Mimi si mkataji. Leo nimeharibu kitambaa cha mteja, nimekata mkono wa kochi ukatoka mfupi. Na hilo ni kosa la Mwanzia pia!

Ijumaa, 14 Februari 2025

Vile viti viwili vimefika na pikapu. Vizito! Nimekisimamisha kimoja, maji yakaanza kuchuruzika kupitia matundu ya stepla. Maji ya bwawa, hapa Machakos mjini, yamesafiri ndani ya kiti.

Nimeng'oa stepla moja moja mpaka kucha zikauma. Nimefunua reksini nikaigeuza.

Mgongo wake ni pinki kuliko uso. Ni nyekundu kabisa, mabaka makubwa, na harufu ya shuka lililosahauliwa kwa beseni. Kwa hivyo rangi haikutoka nje. Si leso, si mafuta, si blichi. Imetoka ndani ikapanda juu. Ndiyo maana sabuni haikuifikia.

Kuna kitu kingine nimekiona. Nakiandika kwa sababu hakuna mtu atasoma hapa.

Ile reksini nzuri ina maandishi ya bluu mgongoni, mstari baada ya mstari. Ile rahisi mgongo wake ni mtupu. Nimeufuta ule uchafu na kitambaa. Maandishi yako. Bluu. Nikafungua kiti cha pili kwa haraka nikajikata kidole. Bluu.

Hakubadilisha.

Basi alifanya nini? Lazima kuna kitu alifanya! Labda gluu. Labda plaiwudi. Sponji nimeitazama, iko sawa, bado iko ndani ya nailoni yake kama nilivyoagiza. Kitu kiko, nitakiona.

Jumamosi, 15 Februari 2025

Nimeenda Athi River kwa Ann, mtoto wa dada yangu. Anakagua vitambaa kwa kiwanda cha nguo, marobota yakishuka kwa kontena yeye ndiye huyafungua. Nimembebea kipande cha ule mgongo wa reksini ndani ya karatasi.

Hata hakukishika. Alinusa kwa mbali akacheka. "Auntie, hii ni kuvu. Iko hai." Anasema wao huipata kwa kontena iliyoingia maji. Kuvu yenyewe huioni juu. Inakaa ndani kwa unyevu na joto, inakula, na kinachopanda juu ni rangi yake, inapenya plastiki kama vile chai inavyopenya kikombe cha plastiki. Ikishapenya, imepenya. Hakuna sabuni. Blichi itaifanya ififie wiki moja, reksini iharibike, na rangi irudi.

Nikamuuliza inatoka kwa nini. Akasema haitaki mengi, inataka maji yasiyo na njia ya kutoka na mahali hewa haifiki. Akauliza sponji niliifunika na nini.

Nikasema nailoni, ile yake ya kiwandani.

Akasema, "Mbona hukuitoa?"

Mbona sikuitoa! Nani hutoa nailoni? Nyumba gani Machakos imetoa nailoni ya godoro kabla haijachanika yenyewe? Kochi langu mwenyewe lina miaka minne na nailoni iko, wageni wakikaa inalia kwacha kwacha na wanajua hili kochi ni jipya. Hata dashibodi ya gari watu huacha ile karatasi. Nailoni ni heshima! Na hii ni boti, ni maji, nilitaka sponji isilowe. Mtu wa akili angefanya nini?

Ann anasema maji yanaingia kwa matundu ya sindano, yanafika kwa nailoni, yanakwama. Ule mgongo wa kitambaa uko katikati ya plastiki mbili, hauoni hewa. Nikamwambia yeye ni wa nguo, hajui viti. Sikunywa chai yake.

Jumatatu, 17 Februari 2025

Nimeshona mito miwili midogo, saizi ya kitabu cha nyimbo. Reksini ileile iliyobaki, sponji ileile. Mmoja nimeacha nailoni ndani. Mwingine nimetoa nailoni, nikatoboa plaiwudi ya chini matundu sita na kuweka kitambaa cha wavu. Kila mmoja nimeutia kipande cha ule mgongo mchafu, nikamwagia maji. Nimeiweka juu ya bati la choo. Kila jioni naimwagia tena, ule wa nailoni naufunika na gunia la plastiki, ule mwingine nausimamisha ukauke.

Tutaona nani anajua viti.

Jumatano, 26 Februari 2025

Hakuna kitu. Yote miwili myeupe. Ann na maneno yake ya kontena!

Jumatano, 5 Machi 2025

Mama wa ndizi ananiambia Mwanzia anapasua kokoto kule Kalama, kando ya barabara, na nyundo. Ana miaka hamsini na mbili. Amesema alienda kwa fundi mmoja wa Athi River kuomba kazi, habari zilikuwa zimemtangulia.

Nikamwambia mimi sikuuliza.

Ijumaa, 14 Machi 2025

Ule wa nailoni una doa. Katikati. Saizi ya shilingi ishirini, na ni pinki.

Ule mwingine ni mweupe. Nimeugeuza, nimeufungua, nimeunusa. Unanuka reksini mpya.

Nimekaa chini pale pale kando ya choo.

Na sasa nakumbuka, na heri nisingekumbuka. Novemba, siku ya kwanza ya ile kazi, Mwanzia alikuwa amesimama na wembe mkononi na sponji mbele yake. Akaniuliza, "Hii nailoni tutoe? Itashika maji." Mara mbili aliniuliza! Nikamwambia afunge mdomo na afanye alivyoambiwa, mwenye karakana ni mimi. Akarudisha wembe.

Mshenzi ni mimi! Mwizi hayuko! Hata ile mita nne—nimetoa violezo vyetu vya kadibodi leo nikavipanga juu ya robota kama yeye anavyovipanga, kichwa chini, kichwa juu, mkono ndani ya kiuno cha kiti. Nikapima kiti kimoja, nikazidisha mara kumi na mbili: inabaki mita nne. Kazi yake nzuri ndiyo niliyomfukuzia.

Jumapili, 16 Machi 2025

Kanisani sikusikia kitu. Nimeamua kesho naenda Kalama.

Jumanne, 18 Machi 2025

Sikuenda.

Jana Bartholomew alipiga simu. Boti kubwa imefika. Viti arobaini ni vyangu. Amesema amewaeleza watu wa Ekalakala kwamba ile ilikuwa wizi wa mfanyakazi, fundi mwenyewe amemfukuza siku iyo hiyo, na watu wameridhika. Hata yule mama wa harusi. Amesema, "Mtu mkali kama wewe ndiye nataka. Najua hakuna mchezo."

Nilikuwa na nafasi. Kinywa nilikifungua. Nikamwambia tu kwamba safari hii nitatoboa matundu chini ya kila kiti, na nitaweka sponji ya kupitisha maji bila nailoni, na Ndambuki asifunike boti mpaka viti vimesimama vikakauka. Na blichi marufuku, sabuni na kitambaa laini peke yake. Na lile zulia la raba litoke. Nilimwambia kwa ukali sana. Akasema unaona, ndiyo maana nakupenda.

Nimesema yote isipokuwa lile moja.

Nikienda Kalama niseme nimekosa, kesho sokoni wote wamejua. Kesho kutwa Masinga wamejua. Kwamba Kamanthe alishona kuvu kwa mikono yake na akamsingizia mtu. Nani atanipa hata stuli?

Lakini yule mtu anapasua mawe.

Nimekasirika sana na sina wa kumkasirikia. Leo nimeng'oa nailoni ya kochi langu, yote, kwa mikono. Kochi limebaki kama kuku aliyenyonyolewa. Haikunisaidia.

Ijumaa, 21 Machi 2025

Jumatatu naenda. Nimeapa. Hata kama ni kwa miguu. Nitasimama pale kwa kokoto zake mbele ya yeyote aliyepo niseme. Viti arobaini viende vinakoenda.

Jumapili, 23 Machi 2025

Naandika nikiwa chumbani, nimefunga mlango. Wako sebuleni. Nimewaambia natafuta leso.

Tumetoka kanisani, hata viatu sijavua, nasikia mbuzi analia langoni. Natoka—ni Mwanzia. Amevaa koti lake la Krismasi. Nzilani yuko nyuma yake na kikapu. Na mbele yao baba mdogo wa Mwanzia, mzee wa kanisa kule kwao, ndiye ameshika kamba ya mbuzi. Dume jeupe, limeoshwa.

Nilijua wamekuja kunishtaki. Moyo wangu uliruka kwa furaha, haki ya Mungu! Nikasema afadhali, waniulize, nitasema yote, itaisha. Nikawakaribisha. Wakakaa kwa kochi langu lisilo na nailoni.

Mzee akasimama. Akasema wamekuja kama ukoo. Akasema mtoto wao amekosea watu, na kwao mtu akikosea huja na mbuzi, na aliyekosewa akipokea kamba maneno yamekwisha.

Sikuelewa. Nikamtazama Mwanzia. Anatazama sakafu.

"Mama Kavutha, ni mimi," akasema. "Nilibadilisha ile reksini. Shetani alinipitia. Unisamehe, na kama utaweza, unirudishe kazini."

Vidole vyake vimepasuka, kimoja amekifunga na kitambaa.

Nilitaka kumpiga kofi! Mwongo! Anasimama mbele ya baba yake mdogo, mbele ya mke wake, mbele ya Mungu, anasema uongo nyumbani kwangu! Yeye aliyeniambia itashika maji! Anajua hakuiba. Anajua mimi ni—hapana, hajui. Hajui hata kwamba najua. Kwake mimi bado ni mtu anayeamini aliiba. Ameona mlango ni mmoja tu, wa kuinama, akainama.

Nzilani alikuwa analia bila sauti. Huyu anajua ukweli. Mke hujua. Na amebeba mayai kwa kikapu, ameniletea mimi.

Mzee akaniletea kamba. Mkono wangu ukaishika. Sijui nani aliutuma. Nikasikia Nzilani anasema asante Yesu. Mdomo wangu ukasema karibuni chai.

Na haijaisha. Mzee anasema, ili jina langu lisafike kabisa, Jumapili ijayo Mwanzia atasimama mbele ya kanisa lote la Kalama akiri. Watoto wake wakiwa pale. Mwanzia akasema sawa. Akaniuliza mimi kama saa nne ni mapema sana kwangu, ama waisogeze.

Ndipo nikasema natafuta leso.

Nasikia vikombe. Nzilani ameingia jikoni kwangu, anapika chai mwenyewe kama mtu wa nyumbani. Mbuzi nimemfunga kwa nguzo ya lango, analia. Mwanzia ananiuliza kutoka sebuleni, pole pole, kama boti kubwa imeshapimwa.

Mzee ananiita. Anasema tusimame tuombe kabla ya chai. Anasema kwao anayefungua maombi ni yule aliyekosewa.

Wamesimama. Naona kwa ufa wa mlango. Mwanzia amevua kofia, ameinamisha kichwa, wananingoja mimi.